Mtoto Si Mwanzi

Asajile alikuwa fundi wa mianzi huko Isongole, wilayani Ileje. Alisuka nyungo, matenga ya nyanya na viti. Kwa maneno yake mwenyewe, mianzi yote ya Ileje ilimjua kwa jina. Alisema aliwahi kusuka tenga moja lililobana sana. Mfanyabiashara mmoja alilijaza maji akavuka nalo Mto Songwe, akafika Malawi bila kudondosha tone.

"Aliyelowa ni yeye, kwa jasho," Asajile alisema. "Na yale maji akayauza."

Watu walicheka. Hata mkewe Marta alicheka kidogo, ingawa alikuwa ameisikia hadithi hiyo kwa miaka thelathini.

Lakini tangu mjukuu wake azaliwe, Asajile hakusimulia kitu. Kila asubuhi aliwasha moto mdogo uani. Alipitisha mwanzi juu ya moto, akaulowesha, kisha akaukandamiza kwenye goti mpaka ukanyooka. Mikono ilifanya kazi. Macho yalikuwa kwenye mlango wa nyumba ndogo, alimolala mtoto.

Mtoto aliitwa Gwalugano. Alikuwa wa kike, ana wiki saba, na macho yake yalikuwa makali. Alimfuata kila mtu kwa macho kama askari wa mpakani. Lakini viungo vyake vilikuwa vimekakamaa tangu kuzaliwa. Nyayo zilipinda ndani, zikatazamana kama watu wawili wanaosengenya. Viwiko navyo havikukunjika. Mikono ilinyooka tu, na viganja vikapinda kwa ndani.

"Mkono haufiki mdomoni," Marta alisema kila jioni. "Nani atamlisha huyu, sisi tukifa?"

Asajile alichukua mwanzi mwingine.

Mama wa mtoto aliitwa Jenista. Alikuwa mke wa Osea, mtoto wa Asajile. Osea alifanya kazi Tunduma, akipakia na kushusha mizigo ya malori. Alirudi nyumbani mwisho wa mwezi.

Katika ukoo wa Asajile walishika desturi ya wazee. Mkwe na baba mkwe hawakutazamana usoni. Hawakupeana kitu mkono kwa mkono. Hawakuongea ana kwa ana. Haukuwa ugomvi, ilikuwa heshima. Asajile akikaa uani, Jenista alipita nyuma ya nyumba. Jenista akiwa jikoni, Asajile alikohoa mara mbili kabla ya kupita. Siku moja walikutana ghafla kwenye kona. Kila mmoja aligeuka haraka, na Asajile akamwangukia mbuzi. Mbuzi huyo, Asajile alisema, hakumsalimia kwa mwezi mzima.

Basi, mimba ya Jenista ilipofika miezi saba, siku moja alitoka kuteka maji. Akashikwa na kizunguzungu. Akakaa kwenye kiti kilichokuwa karibu. Kilikuwa kiti cha Asajile.

Marta alimwona. Siku ile hakusema neno. Lakini mtoto alipozaliwa amekakamaa, alikikumbuka kiti.

"Amekalia kiti cha baba mkwe wake," Marta aliwaambia majirani. "Mtoto amekamatwa na kiti."

Maneno hayo yalitembea mpaka kanisani. Jenista akaacha kwaya. Akawa anafua nguo za mtoto mapema, kabla wengine hawajafika mtoni. Asajile naye aliumia moyoni, maana kiti kile alikisuka yeye. Alikivunja akakitia motoni. Kikaungua vizuri sana, kwa kuwa kilikuwa kikavu. Mtoto hakubadilika hata kidogo.

Ilikuwa Alhamisi. Jenista alikuwa ameenda kuteka maji. Marta alimlaza mtoto kwenye mkeka karibu na Asajile.

"Mwangalie, nimenye viazi," alisema, akaingia jikoni.

Asajile alimtazama mjukuu. Mjukuu akamtazama yeye. Kisha Asajile akatazama miguu.

"Nimenyoosha mianzi maisha yangu yote," aliwaza. "Kamguu haka kamenishinda nini?"

Akachukua maji ya moto kidogo. Akalowesha kitambaa, akakizungusha kwenye mguu wa kulia mpaka ukapata joto. Kisha akauvuta unyayo taratibu, ukagoma. Akauvuta tena kwa nguvu zaidi. Akaweka vipande viwili vya mwanzi, kimoja huku, kimoja kule, akafunga kwa utepe wa kitambaa. Alifunga kama anavyofunga miguu ya kiti, fundo juu ya fundo.

Gwalugano alilia sana. Baada ya muda akanyamaza.

"Amezoea," Asajile alijiambia.

Hapo Stamili akabisha hodi. Stamili alikuwa mhudumu wa afya wa jamii. Alipita nyumba kwa nyumba na mkoba wake mgongoni, akipima watoto na kuzungumza na mama zao. Alikuwa jirani, na hakuwa mtu wa kuzungusha maneno.

"Shikamoo, mzee. Mjukuu hajambo?"

"Marahaba, mwanangu. Hajambo. Nimemtengeneza."

"Umemtengeneza?"

Stamili akainama. Vidole vya mguu wa kulia vilikuwa vimevimba. Rangi yake ilikuwa ya zambarau. Alivigusa, vilikuwa vya baridi.

"Nipe kisu, mzee."

"Ninyooshe kidogo tu, halafu..."

"Kisu."

Asajile akampa kisu. Stamili akakata vitambaa kimoja kimoja. Akautoa mwanzi. Akabonyeza kidole gumba cha mtoto, akaachia, akangoja. Polepole damu ikarudi. Kidole kikawa chekundu, na Gwalugano akalia kwa sauti kubwa.

"Hicho ndicho ninachotaka," Stamili alisema. "Kilio hiki ni kizuri. Kule kunyamaza kwake hakukuwa kuzoea. Mguu ulikuwa unakosa damu. Ungeuacha hivyo mpaka jioni, tungeongelea kuukata."

Asajile akakaa chini, kwenye udongo.

"Nilitaka kumsaidia," alisema.

"Najua, mzee. Lakini mtoto si mwanzi. Watoto wa namna hii mifupa yao ni myembamba. Ukilazimisha, unavunja. Leo hii tutampeleka kituo cha afya, wautazame mguu huu kama haukuumia. Halafu safari kubwa. Kwani alipozaliwa, muuguzi hakumwandikia barua ya rufaa?"

Asajile alishangaa. "Barua gani?"

Marta alitoka jikoni na kisu cha viazi mkononi. Alitazama pembeni.

"Barua ipo," alisema. "Jenista alinipa. Niliiweka ndani ya Biblia."

"Wiki saba?" Stamili aliuliza.

"Sasa hospitali watafanya nini na mambo ya kiti?"

Stamili alikaa kwenye mkeka, akamweka mtoto mapajani.

"Mama Osea, nikuulize. Hapa Isongole ni wanawake wangapi wamewahi kukalia viti vya baba wakwe zao?"

"Usiniulize habari za watu."

"Basi nitaje yangu. Baba mkwe wangu yuko Itaka. Nilikalia kiti chake nikiwa na mimba ya mwanangu wa pili. Tena kilivunjika nikiwa juu yake. Mtoto huyo leo anapanda miti mpaka nachoka kumshusha."

Marta alitaka kucheka, akajizuia.

"Sikilizeni," Stamili aliendelea. "Mtoto tumboni lazima acheze. Anapiga teke, anakunja mkono, anakunjua. Kucheza huko ndiko kunakolainisha viungo. Asipocheza vya kutosha, viungo vinakakamaa. Mara nyingine misuli yake ni dhaifu, mara nyingine mishipa ya fahamu ina tatizo. Mara nyingi hata madaktari hawapati sababu. Lakini hakuna mama anayemkakamaza mtoto kwa kukaa kwenye kiti. Jenista hana kosa."

Nyuma ya ukuta wa jikoni ndoo iligonga chini, na maji yakamwagika. Jenista alikuwa amerudi. Alikuwa amesimama pale muda mrefu, akisikiliza. Hakutokea, kwa sababu Asajile alikuwa uani. Lakini wote watatu walisikia kilio chake.

Marta aliweka kisu chini. Akaenda nyuma ya ukuta. Alichosema huko hakusikia mtu, ila alikaa huko mpaka viazi vikabadilika rangi.

Kituo cha afya walisema mguu haukuvunjika. Wakaandika barua mpya. Kliniki ya viungo ilikuwa kila Jumanne, katika hospitali kubwa mjini Mbeya.

Nani awapeleke mtoto na mama yake? Marta alikuwa na nyonga mbaya. Osea alipiga simu kutoka Tunduma.

"Baba, wapeleke wewe. Wiki hii tuna malori mengi, siruhusiwi kutoka."

"Mkwe na baba mkwe kwenye gari moja?" Marta aliuliza.

"Gari lina viti vingi," Stamili alijibu.

Jumanne alfajiri walipanda Noah, gari dogo la abiria. Asajile alikaa mbele na dereva. Jenista alikaa nyuma kabisa na mtoto. Kufika Mpemba, Asajile aliona Jenista hajala kitu. Akageuza uso kuelekea dirishani, akasema kwa sauti:

"Gwalugano, mwambie mama yako hapa wanauza chapati."

Kisha kutoka nyuma:

"Gwalugano, mwambie babu ahsante. Mwambie pia chai isiwe na tangawizi."

Dereva alitazama kwenye kioo. "Huyu mtoto anafikisha ujumbe vizuri kuliko simu yangu," alisema.

Mtaalamu wa mazoezi ya viungo aliitwa Imelda. Alikuwa mama mfupi mwenye mikono mipana. Alimlaza Gwalugano kitandani, akapima kila kiungo, akaandika. Hakuwa na haraka. Kila alipogusa kiungo, aliongea na mtoto kwanza.

"Akili yake ni nzima," alisema. "Tazama anavyonikagua. Tatizo liko kwenye viungo na misuli, si kichwani. Sitawadanganya kwamba atakuwa kama wengine kwa kila kitu. Ila tukianza sasa, atafanya mengi. Mtoto mchanga viungo vyake bado vinasikia. Kila wiki mnayochelewa vinakuwa vigumu zaidi."

"Atakula mwenyewe?" Asajile aliuliza. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Tutafika huko. Wewe ni fundi wa nini, mzee? Naona mikono."

"Mianzi."

Asajile hakuficha. Alisimulia habari ya moto, vitambaa na mafundo. Imelda alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akampa kidole chake kimoja.

"Bonyeza kwa nguvu ile uliyotumia siku ile."

Asajile akabonyeza. Imelda akakunja uso.

"Sasa robo yake. Bado. Sasa nusu ya hiyo robo. Hapo. Hapo ndipo mtoto anapohitaji. Wewe kosa lako ni nguvu na haraka. Huo mkono wenyewe unafaa."

Kisha akawafundisha. Mazoezi yafanyike mtoto akishaoga maji ya uvuguvugu, na tena kila anapobadilishwa nepi. Mkono mmoja unashika juu ya kiungo, mwingine chini yake, karibu karibu. Unakunja polepole mpaka kiungo kigome. Hapo kinapogoma unasimama. Unahesabu mpaka ishirini, unaachia. Usivute kwa kishindo. Akilia kwa maumivu, acha. Kiungo kikivimba, au akikataa kabisa kukisogeza, rudi hospitali siku hiyo hiyo.

"Mama peke yake hataweza mara zote hizo," Imelda alisema. "Mzee, njoo nawe ujaribu. Mama, mpe mtoto."

Jenista alisimama na mtoto mikononi. Asajile alisimama mbele yake. Hakuna aliyesogea.

"Kuna nini?" Imelda aliuliza.

"Ni mkwe wangu," Asajile alisema, akitazama ukuta.

Imelda alielewa. Alikuwa amewaona wengi wa namna hiyo.

"Mnaweza kumweka kitandani, mmoja akaondoka, mwingine akaja. Sina neno. Lakini kuna zoezi la watu wawili. Mmoja anashika bega, mwingine anakunja kiwiko. Hilo haliwezekani mkiwa vyumba tofauti."

Asajile alikohoa mara mbili. Akanyoosha mikono, macho yakiwa juu darini. Jenista naye akatazama sakafu, akamkabidhi mtoto. Mikono yao ikagusana.

"Mzee," Imelda alisema, "mtoto yuko huku chini. Darini kuna taa tu."

Asajile akashusha macho. Akamwona mtoto, na nyuma ya mtoto akauona uso wa mkwe wake. Ulikuwa uso mchanga, umechoka, na ulikuwa na chapati kidogo kwenye kidevu.

"Jenista," alisema. Ilikuwa mara ya kwanza kumtaja mbele yake. "Shika bega."

Siku hiyo miguu yote miwili ilifungwa plasta nyeupe, ile inayokauka ikawa ngumu. Imelda aliinyoosha kidogo tu kabla ya kufunga.

"Mbona bado imepinda?" Asajile aliuliza.

"Leo kidogo. Jumanne ijayo kidogo. Plasta isilowe. Vidole mviangalie kila siku. Vikivimba, vikiwa vya baridi au vikibadilika rangi, msingoje Jumanne."

"Hivyo vidole navijua," Asajile alisema.

Kabla ya kuondoka, Imelda aliwapeleka kwenye dawati la ustawi wa jamii. Wengi hawajui dawati hilo lipo. Hapo walisaidiwa gharama ili wasikatishe matibabu.

Jumanne zikapita. Mazungumzo ya kwenye Noah yaliongezeka, na mara nyingi Gwalugano alisahauliwa katikati. Baada ya plasta ya nane daktari alikata kidogo kano nyuma ya kila kisigino, ili nyayo ziweze kupanda juu. Jeraha lilikuwa dogo. Plasta ya mwisho ilikaa wiki tatu. Ilipotolewa, nyayo zilikuwa chini, bapa, zikitazama mbele.

Wakapewa viatu vilivyounganishwa na kipande cha chuma.

"Avae usiku na mchana kwa miezi mitatu, avuliwe wakati wa kuoga tu," Imelda alisema. "Baada ya hapo avae akilala, kwa miaka. Miguu hii ina kichwa kigumu. Mkiacha viatu, inarudi."

Sasa, Marta alikuwa na mambo yake. Alikuwa amesema sana kanisani habari za kiti. Alitaka kanisa lile lile lione miguu iliyonyooka. Jumapili ya kwanza akamvua mtoto viatu vya chuma, akamvika soksi za njano. Watu wakasifu. Akapenda sifa. Wiki ikapita bila viatu, kisha nyingine. Kila Asajile au Jenista alipouliza, Marta alisema, "Nimevivua sasa hivi, nataka kumwogesha." Mtoto huyo, kwa hesabu ya Asajile, alikuwa anaoga kuliko samaki.

Kliniki iliyofuata, Imelda aliushika mguu wa kushoto, akaugeuza huku na huku. Ulikuwa umeanza kurudi ndani.

Wakarudia plasta tatu. Marta alikwenda nao mwenyewe, na nyonga yake mbaya. Alikaa kwenye benchi mkoba mapajani.

"Kosa ni langu," alimwambia Imelda. "Usimseme huyu binti."

Tangu hapo Marta ndiye aliyekuwa mlinzi wa viatu. Hata Osea akija kutoka Tunduma, hakuruhusiwa kuvigusa bila idhini.

Kazi haikuwa fupi. Asubuhi Jenista alishika bega na Asajile akakunja kiwiko. Jioni Marta alishughulikia viganja, ambavyo vilikuwa na vibao vyake laini vya kuvaa akilala. Siku nyingine mtoto aligoma. Siku nyingine watu wazima ndio waliogoma. Gwalugano alikaa akiwa na miezi kumi na moja. Alisimama akiwa na miaka miwili. Alipofika miaka miwili na nusu alitembea, huku akiyumba kama mtu aliyetoka kilabuni, lakini nyayo zote mbili zikikanyaga chini.

Viwiko vilikunjika kidogo, si sana. Misuli ya kuvikunja haikuwa na nguvu. Imelda aliwaeleza kwamba mkono hauwezi kujipandisha wenyewe, ila unaweza kupandishwa. Akawaonyesha. Mtoto akae kwenye meza ya kimo chake. Aegemeze mkono kwenye ukingo wa meza, ainame mbele, na meza ndiyo ikunje kiwiko. Asajile alitengeneza meza hiyo kwa mianzi. Alipima mara saba. Jenista alishika kamba ya kupimia upande wa pili, akamkosoa mara mbili.

"Iko juu, baba."

"Haiko juu."

"Iko juu kwa vidole viwili."

Asajile akapunguza vidole viwili.

Kwa miezi miwili Gwalugano alijaribu. Kiazi kilianguka. Ugali ulipakwa shavuni. Marta alitaka kumlisha, Jenista akamshika mkono. "Mwache, mama."

Jumapili moja mchana, Gwalugano akiwa na miaka mitatu, wote walikuwa wanakula uani. Osea alikuwepo. Siku hiyo kulikuwa na nyama ya mbuzi. Asajile alikuwa amekaa karibu na meza ya mtoto, sahani yake pembeni, akimweleza Osea jinsi alivyowahi kusuka daraja la mianzi lililobeba lori la mahindi.

Gwalugano alinyoosha mikono. Akabana kipande cha nyama cha babu yake kati ya viganja viwili. Akaegemeza mikono kwenye ukingo wa meza. Akainama. Viwiko vikakunjika, polepole, na nyama ikapanda.

Osea aliacha kutafuna. Marta alishika kinywa chake kwa mkono.

Nyama ikafika mdomoni, ikaingia yote.

Jenista alicheka. Alicheka kwa sauti, mbele ya baba mkwe wake, mpaka machozi yakamtoka. Marta alikuwa analia tu, bila kucheka, akipangusa uso kwa kitenge.

Gwalugano alitafuna taratibu, akimkazia babu macho yake makali. Akameza. Kisha mikono miwili ikaanza tena safari kuelekea kwenye sahani.

Asajile aliifunika sahani kwa kiganja.

"Ile ya kwanza ilikuwa mazoezi," alisema. "Hii ya pili ni wizi."